Mkate Uliotundikwa Aktepa

Tashkenti,
22 Aprili 1974

Mdogo wangu Felista,

Msomee mama kwanza mstari huu, kisha ndipo uendelee: mimi ni mzima, nakula, nalala, na baridi imeondoka. Mwambie pia kwamba shikamoo yangu ni ya kupiga magoti, hata kama huko Mlali haionekani.

Nimesafiri. Si safari ya chuo, ni ya kutembea tu. Nina mwenzangu wa darasani anaitwa Rustamu, mtu wa huku huku Uzbeki. Ijumaa alinikuta nimekaa kitandani natazama ukuta, akaniuliza nina nini, nikasema sina kitu. Akasema basi twende kwetu, tutarudi Jumapili jioni. Mimi nikadhani kwao ni mtaa wa pili. Kumbe ni basi la kutwa, jua na vumbi, mashamba ya pamba huku na huku, mpaka mji mdogo unaoitwa Aktepa, maana yake Kilima Cheupe. Nilikitafuta hicho kilima sikukiona. Walinionyesha kichuguu nyuma ya stesheni wakasema ndicho. Niligeuza uso, maana mtu wa Uluguru akionyeshwa kile akaambiwa ni kilima anaweza kutukana.

Felista, sijui nianzie wapi, kwa sababu kila kitu huko nilikielewa nusu. Kirusi kinanishinda kwa haki yake, lakini Kiuzbeki kinanidanganya. Kitabu wanaita kitob, chai ni choy, dunia ni dunyo, na tanuri ya mkate wanaita tandir. Ukisikia hivyo unaona umefika nyumbani, unanyoosha miguu. Kisha Rustamu akaniambia tupitie maktab akamsalimu mwalimu wake wa zamani. Nikaingia nikitegemea kukuta vitabu kwenye rafu, nikakuta watoto wamepanga mstari uwanjani wananishangaa. Kwao maktab ni shule. Hapo nikajua maneno haya ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali, na si vizuri kumwamini hata mmoja.

Nyumbani kwao yupo bibi yake Rustamu. Wao wanamwita buvi, mimi nikamwita bibi, na hakuna aliyeona tofauti. Alinikaribisha chai kwenye kibakuli kisicho na mkono. Akamimina chini kabisa, ya kulowesha ulimi tu. Nikanywa. Akamimina tena kidogo vilevile. Nikasema moyoni, ama hawa ni wachoyo, ama chai kwao inatoka kwa foleni kama sukari kwetu. Kwa adabu zote nikamwonyesha kwa mkono kwamba, bibi, jaza tu usione haya.  Rustamu akaniinamia akanieleza kwamba mgeni anayependwa humiminiwa kidogo kidogo, ili aombe tena na akae. Bakuli likijazwa mpaka juu, ndiyo kusema tumekuchoka, nenda kwenu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeomba kufukuzwa. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, na tangu hapo kila akishika birika ananitazama kama anayetaka kunijazia.

Sasa la mwisho, ambalo mpaka leo limenichanganya. Jumapili tunaaga, bibi akaleta mkate kutoka tanurini, mviringo kama mfuniko wa chungu, akaniashiria niume. Nikauma. Ulikuwa wa moto na mtamu, na safari ilikuwa ndefu, basi nikapeleka mdomo mara ya pili. Akaninyang'anya. Felista, aliunyang'anya hasa. Nikaona haya, nikajua nimeonekana mlafi. Yeye akaufunga mkate wenye alama za meno yangu kwenye kitambaa, akaingia chumba cha akiba, akapanda kigoda, akautundika kwenye msumari ukutani. Kando yake palikuwa na kifurushi kingine cha zamani. Nikauliza kile ni nini, hakuna aliyenijibu. Rustamu akasema mkate wangu ni wa kunirudisha. Nikamuuliza nirudi lini. Akasema si mimi ninayerudi, ni mkate unaonirudisha. Au labda alisema mimi ndiye ninayeurudia mkate. Kirusi chetu sote wawili ni cha kuazima.

Basi meno yangu yananing'inia Aktepa, nami niko Tashkenti na masomo. Habari za kurudi nitawaandikia nikizijua vizuri.

Kaka yako,
Eustace


Mlali,
2 Juni 1974

Kaka Eustace,

Shikamoo. Sote wazima kwa mwili. Kwa mengine, soma uone balaa ulilotuletea.

Barua yako nilimsomea mama akiwa anachambua maharage. Mpaka kwenye chai alikuwa anacheka, akasema huyo bibi angekutana na watu wa kwetu wangemaliza birika lake kwa mkao mmoja. Nilipofika kwenye mkate akaacha kuchambua. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Soma pale pa msumari." Nikasoma. Akachukua maharage mazima na mabovu aliyokwisha kuyatenga akayachanganya yote kwenye ungo mmoja, akasema, "Wamemtundika mwanangu." Akaingia ndani.

Kaka, wewe umevuka bahari kwenda kusoma, lakini ulizaliwa hapa hapa mlimani. Umesahau kwamba kucha za mtu, nywele zake na kitu kilichotoka mdomoni mwake haviachwi kwa watu usiowajua? Umeacha mate yako kwa mwanamke mzee, ndani ya kitambaa, chumba cha ndani, juu ya msumari, kando ya kifurushi ambacho watu wanakataa kukitaja. Kisha unatuandikia kwa kutuchekesha. Amerogwa mtu pale, na aliyerogwa ndiye anayesimulia.

Najua utasema nini. Mimi ni mwalimu, na jioni nafundisha kisomo cha watu wazima, nasimama mbele yao nawaambia imani hizi ni ujinga, na ujinga ni adui. Nasema hivyo na naamini. Lakini nilipotoka darasani niliuliza watu wawili watatu wanaojua, na wote wamesema neno moja: aliyetundikwa hivyo harudi kwao, atazunguka kulekule alikofungwa. Sasa niache kuamini nini na nishike nini, sijui.

Mama amesema maneno mawili tu ya kukuandikia, nami nayaandika kama yalivyo. "Mwambie akaule." Rudi huko Aktepa ukaule huo mkate wote, usibaki hata unga wake. Sababu hakuitaja na mimi sikumuuliza. Inajulikana.

Huku tumeambiwa tushuke. Nyumba zote za juu zihamie kwenye kijiji kipya karibu na barabara kabla ya mvua, tuishi pamoja, tupate bomba na zahanati. Mama hakubisha. Ameanza kufunga mizigo, na cha kwanza kukitazama ni lile hindi jeusi la juu ya meko. Utalikumbuka, maana ulichapwa kwa ajili yake ulipotaka kulichoma. Mwaka wenyewe ni wa njaa, watu wanapanga foleni ya unga wa njano wa msaada, na mama anatunza hindi ambalo halipandi wala halitwangi, kazi yake ni kulipiga moshi. Wazee wana yao.

Maliza upesi urudi. Mwanangu Cecilia anaota meno, na kwa sisi Waluguru mtoto bila mjomba ni kama nyumba bila nguzo. Unajua mwenyewe mama ametulea bila mjomba, na unajua ukoo ulivyotusukuma kila penye neno la shamba.

Mdogo wako,
Felista


Tashkenti,
14 Julai 1974

Felista,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, na sasa sijui nimebaki na lipi.

Yule bibi hana uchawi wowote zaidi ya kuninyima nisishibe. Watu wale walinilaza kwenye godoro lao zuri, mvulana wa nyumba akalala chini. Wewe, mwalimu mzima, unakwenda kuwauliza "wanaojua". Wanajua nini? Aktepa wameisikia wapi? Laiti ningeacha kuandika habari za mkate nikaandika habari za pamba.

Halafu kwenda Aktepa si kama kushuka sokoni Morogoro. Mgeni hapa hatoki mjini bila kibali, na sasa tumepelekwa kwenye mifereji ya kumwagilia, tunapima maji jua likituchoma. Hata nikienda nitamwambia nini? Bibi, mama yangu anasema umeniroga, nipe mkate wangu nimalize? Huoni aibu hiyo?

Mwambie mama sikurogwa. Mwambie nitarudi mambo yakikamilika.

Na hilo hindi lipandwe au litwangwe. Watu hawana chakula. Utasema si haki yangu kusema nikiwa huku nakula mkate, lakini nimesema.

Eustace


Mlali, Kijiji Kipya,
25 Agosti 1974

Kaka,

Barua yako nilimsomea mama yote, pamoja na pale pa hindi. Pale ningeruka. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Anasema na Cecilia, mtoto asiyejua hata kuita, anamwambia, "Mwambie mama yako maji yamekwisha." Nami namjibu Cecilia.

Tumeshuka. Nyumba ina harufu ya udongo mbichi na mlango bado ni mkeka. Siku ya kuhama lilikuja lori, tukapakia vitanda, vyungu, kuku na jiwe la kusagia. Mama alikataa hindi lipande lori. Alilifunga kwenye kanga akateremka nalo kwa miguu, amelikumbatia kama anapeleka mtoto kliniki. Watu walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Katibu wa kijiji akamuuliza kwa upole, "Mama, hiyo ni mbegu ya aina gani?" Mama akajibu, "Ni mtu." Katibu akanitazama mimi nimfafanulie. Ningefafanua nini? Nilidhani safari imemchosha. Tulipofika alilitundika kwenye boriti kabla hata hatujajua meko yatakaa wapi, kisha akayaweka meko chini yake.

Sasa jambo lenyewe. Uliandika "mambo yakikamilika". Mama alimuuliza Cecilia mambo gani. Nikasema masomo. Akamwambia Cecilia, "Masomo yana mwezi wake. Alipoondoka alisema Juni, mwaka wa sabini na tano." 

Jumapili iliyopita akaja Leonard wa kule Mzumbe, uliyeondoka naye siku moja. Amekuja likizo. Alikuja kumpa mama hongera. Tukauliza hongera ya nini. Akasema Eustace si ndiye anayebakizwa miaka mitatu mingine, achukue shahada ya juu, maprofesa wenyewe wamemchagua. Alidhani tunajua, maskini. Mama akamwongeza mboga, akamwambia ahsante mwanangu kwa habari njema. Alipoondoka ndipo akanisemesha mimi, kwa mara ya kwanza, akasema, "Nilikwambia wamemtundika."

Basi niambie wewe msomi. Umeuma mkate wa watu, umetundikwa, na sasa umesahau hata kuandika kwamba hurudi. Watu niliowauliza walisema hivyohivyo tangu Mei. Nani mjinga hapo? Nakuuliza kwa hasira na kwa hofu, maana vyote viwili ninavyo.

Mama ameanza kuja kisomoni. Anakaa nyuma kabisa, hanisalimu, anaandika a e i o u, akimaliza anaondoka.

Felista


Tashkenti,
6 Oktoba 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ni yako wewe. Felista atakusomea, lakini asiongeze wala asiruke.

Leonard alisema kweli. Wameniambia nibaki miaka mitatu. Mama, hilo waliniambia kabla ya mkate. Ile Ijumaa niliyokuwa natazama ukuta ndiyo siku nilipotoka ofisini kwao. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuona unachambua kitu kwenye ungo, nikashindwa. Niliandika habari za kilima na chai. Sijakubali na sijakataa. Jibu wanalitaka mwezi wa pili mwakani. Nataka kubaki, na nataka kuja, na ipi ina nguvu zaidi hubadilika kila siku. Huo ndio ukweli wangu wote.

La pili. Nimekwenda Aktepa. Niliomba kibali nikapewa, nikaenda na Rustamu kama mwanzo, kutoka Ijumaa kurudi Jumapili. Safari hii zabibu zilikuwa zimeiva, zinaning'inia juu ya ua wote mpaka unainama kupita. Bibi akanimiminia chai yake ya kulowesha ulimi. Nilikunywa mara nyingi nikitafuta namna ya kusema. Mwisho nikamwambia Rustamu, mama yangu ametuma neno, anasema niule ule mkate. Nilimficha sababu, ile ya Felista.

Rustamu akamtafsiria. Bibi akauliza kitu. Rustamu akanigeukia akasema, "Anauliza, huko kwenu mna desturi hii?" Nikasema hatuna. Akasema, "Basi mama yako amejuaje?" Nikasema amejua nini. Akasema, ndiyo hiyo. Mtu anayesafiri huuma mkate, unatundikwa, unamngoja. Akirudi huumaliza mwenyewe. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa. Nilikaa nikakodoa macho. Mama, ulijuaje? Nami nakuuliza.

Akautoa. Ulikuwa mgumu kama kigae. Akaulowesha kwenye chai, nikaula wote, yeye amekaa mbele yangu ananihesabia kwa macho, na makombo akayakusanya kwenye kiganja akanipa nikayaramba. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, haya, mama atalala.

Jumapili tunaaga, akaja na mkate mwingine mpya. Nikachanganyikiwa. Kumbe ukishaula unauma tena, na ukirudi unaula, na ukiondoka unauma, haina mwisho. Nimetoka kujishusha msumarini na sasa napandishwa upya. Niliweka mkono mdomoni nikakataa. Nilijua nimemvunjia heshima mzee wa watu, na Rustamu akawa mwekundu.

Bibi hakukasirika. Aliingia ndani akaleta kile kifurushi cha zamani, akakifungua juu ya goti. Ni mkate, mama. Ni mweusi, umejikunja, lakini pembeni meno yanaonekana. Ni ya mtoto wake wa kwanza, Anvari. Aliuma asubuhi aliyochukuliwa vitani, ile vita kubwa, mwaka wa arobaini na mbili. Hakuja. Barua ya kifo haikuja, kaburi halijulikani liko wapi. Majirani wanamwambia awape ndege huo mkate, yeye kila mwaka anabadili kitambaa. Ndiyo maana siku ile waliponisikia nauliza walinyamaza.

Akauliza jambo moja kupitia kwa Rustamu. "Mama yako ana mtoto mwingine wa kiume?" Nikasema hana.

 Kisha akaurudisha ule mkate mpya kwenye kikapu, mzima, bila jino. Akavuta birika, akanimiminia chai. Akamimina, akamimina, mpaka ikafika ukingoni ikamwagikia mkeka, na hakuacha kunitazama.

Nimefukuzwa, mama. Nilikunywa bakuli lote huku nalia, na sijui nililia nini hasa. Sasa nimerudi Tashkenti na kichwa kimenijaa moshi. Sema wewe nifanye nini, nitafanya.

Mwanao,
Eustace


Mlali,
15 Desemba 1974

Kaka Eustace,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine. Ni ya mama, ameiandika mwenyewe, na imemchukua siku nyingi. Amenikataza kusahihisha chochote, akasema nikigusa herufi moja atanichapa mbele ya darasa langu. Sikugusa.

Mimi nina langu la kusema. Mama hakutamka uchawi hata siku moja. Alisema "wamemtundika". Uchawi niliutia mimi, nikauandika kwa mkono wangu, nikaenda kuutafutia mashahidi. Miezi yote hii mimi na wewe tumegombana juu ya neno ambalo mama hakulisema. Nilipomwuliza kwa nini hakunirekebisha akasema, "Wewe ndiye mwalimu."

Tulikaa matanga hapa nyumbani wiki iliyopita na tumekwisha kuyaanua. Usishtuke, msiba si mpya. Watu walikuja na vibaba vyao vya unga wa njano, katibu naye akaja, na padre akatusomea misa. Mama atakuambia ni ya nani.

Mdogo wako,
Felista


Mlali
Desemba 1974

Mwanangu Eustace

Mimi mama yako naandika. Mkono ni wangu. Felista amekaa mbali.

Umeniuliza nilijuaje. Kaka yangu Kasimiri alichukuliwa vita hiyohiyo. Mimi nilikuwa msichana. Alichukua hindi la mbegu akalitundika juu ya meko. Akasema vita ikiisha nakuja kulipanda mwenyewe. Vita iliisha. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi na hakuna aliyesema amekufa. Mimi sikulia. Ukilia umemzika. Nikatunza hindi. Ninyi niliwachapa kwa ajili yake na sikuwaambia. Nilisema akija atawaambia mwenyewe mimi ni mjomba wenu.

Niliposikia mkate nilijua. Huyo mama angekungoja kule. Na mimi nakungoja huku. Na wewe ni mmoja.

Barua yako ilipokuja nililishusha hindi. Nililipukuchua nikapanda nyuma ya nyumba. Mvua ilinyesha vizuri. Maharage ya jirani yaliota. Langu halikuota. Nilifukua nikaona mbegu imekuwa majivu. Nikalia. Watu wakaja tukakaa matanga. Sasa Kasimiri amekufa.

Unasema niseme. Nataka uje. Nimesema. Lakini ukitaka kubaki bakia. Andika nimebaki. Usiniandikie mambo yakikamilika. Kasimiri alisema vita ikiisha.

Hapa sitatundika kitu chako. Juu ya meko pako wazi. Ukija utakula kilichopikwa siku hiyo.

Mwambie mama Anvari nimemsikia. Mwambie pole. Alikujazia chai uondoke. Alifanya vizuri. Hapa kwetu tunajaza ili mtu akae.

Mama yako
Yuliana


Tashkenti,
26 Januari 1975

Mama,

Shikamoo.

Nakuja Juni.

Mwanao,
Eustace